Gegedu la goti halitoki kwenye kopo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miezi kadhaa nimelisikia redioni, nimelisoma kwenye vipeperushi vilivyobandikwa karibu na stendi hapa Moshi, na mwishowe nikalikuta juu ya meza yangu mwenyewe. Ni unga wa kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, kano na mifupa, unaouzwa kwa ahadi kwamba "unaotesha gegedu" (lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na kumaliza kabisa tatizo la magoti kusagika. Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na magoti ya watu wa mkoa huu nimeyashika kwa mikono yangu, ya wakulima wa kahawa, ya wachezaji mpira, ya akina mama wanaoteremka na ndizi kutoka milimani. Siwezi kulinyamazia jambo hili.

Aliyeleta kopo mezani ni mdogo wangu, ambaye kwa miaka 17 amekuwa mgumu, kama wanavyoitwa hapa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, akipita njia ya Marangu na ya Machame na mzigo kichwani. Goti lake la kulia halimsumbui sana wakati wa kupanda. Linamsumbua wakati wa kushuka, pale kila hatua inapomlazimu kupokea kwa goti moja uzito wake mwenyewe pamoja na mzigo, tena kwa kishindo, kwa saa nyingi mfululizo. Kopo lile lilikuwa la tatu, na kila moja alilinunua kwa shilingi 90,000 kutokana na bakshishi za wageni, katika duka moja la mjini ambako aliambiwa kwamba ndani ya siku 90 gegedu litakuwa limerudi. Akaniuliza, "Dada, kama gegedu ni kolajeni, na humu ndani ni kolajeni, kwa nini lisirudi?"

Swali hilo ni la mtu mwenye akili, na naamini wasomaji wako wengi wamejiuliza vivyo hivyo, kwa hiyo naomba nilijibu hapa kama nilivyomjibu yeye.

Nilianzia jikoni. Usiku uliotangulia nilikuwa nimechemsha makongoro ya ng'ombe kwa saa nne, na sufuria ikalala kwenye baridi yetu ya mwezi Juni. Asubuhi supu ilikuwa imeganda, ukiitikisa sufuria inatetemeka, ukichota kijiko shimo linabaki vilevile. Kinachoigandisha supu hiyo si mafuta, maana mafuta hukaa juu kama utando mweupe na huondolewa kwa urahisi. Ni kolajeni ya kano na ngozi ya kongoro, ambayo moto umeifumua ikawa jelatini. Kolajeni yenyewe, ikiwa bado mwilini, ni minyororo mitatu ya protini iliyosokotwa pamoja kama kamba ya mkonge, na katika kila mnyororo kila asidi amino (kijenzi kidogo cha protini) ya tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu hakuna nyingine inayoweza kutoshea katikati ya msokoto ule. Muundo huo ulielezwa mwaka 1954 na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha huko Madras (leo Chennai), India, mji ambao pia una taasisi kubwa ya utafiti wa ngozi, jambo ambalo sisi wa Moshi, wenye viwanda vya ngozi Himo na Karanga, tungefaa kulitazama mara mbili. Joto likishaifumua kamba hiyo, kupoa hakuirudishi ikawa kamba ileile iliyoshikilia kongoro la ng'ombe.

Unga wa kwenye kopo umekwenda mbali zaidi ya supu yangu, kwa kuwa umekatwakatwa na vimeng'enya kiwandani hadi ukawa vipande vidogo vinavyoyeyuka katika maji. Ukishaunywa, tumbo na utumbo huvikata tena, na kinachoingia katika damu ni asidi amino na vipande vichache vidogo sana, ambavyo mwili huvitumia popote unapohitaji, kama unavyotumia zile za maharage, mayai au dagaa. Hakuna njia inayovipeleka gotini. Nataka nitende haki hapa: zipo tafiti ambazo baadhi ya watu waliokunywa unga wa namna hii walisema maumivu yao yalipungua kiasi, ingawa nyingi kati yake ni ndogo na baadhi ziligharamiwa na wauzaji wenyewe. Lakini kutoka kupungua kwa maumivu hadi kuota kwa gegedu lililokwisha ni safari nyingine kabisa, na hakuna aliyeithibitisha. Niongeze jambo dogo, kwamba mwili hausokoti kolajeni imara bila vitamini C, na ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokosa matunda walitokwa damu kwenye fizi na majeraha yao yakagoma kupona. Na vitamini hiyo inapatikana katika pera na chungwa la soko la Mbuyuni.

Baada ya supu nikamfungulia goti la mbuzi nililolinunua buchani. Nawasihi walimu wa baiolojia walifanye hili na wanafunzi wao, kwa sababu hakuna mchoro wa ubaoni unaolifikia. Mwisho wa mfupa umefunikwa na tabaka jeupe lenye mng'ao wa kibuluu kidogo, laini na lenye utelezi. Ukilibonyeza kwa ncha ya kisu isiyo kali linabonyea, kisha linainuka taratibu. Ukilikata huoni mshipa wa damu hata mmoja, wala hakuna neva. Kwa binadamu unene wa gegedu la goti ni milimita chache tu, na kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji. Sasa maji hayo yanakaaje humo bila kukamuliwa yote mtu anaposimama? Hapo nikamkumbusha nyumba ya babu yetu ya fito na udongo. Fito za gegedu ni nyuzi za kolajeni, tena si ile ya ngozi na mifupa inayoitwa ya aina ya kwanza, bali ya aina ya pili, ambayo Miller na Matukas waliitambua mwaka 1969 katika gegedu la kifaranga. Udongo wake ni molekuli kubwa ziitwazo proteoglikani, zinazovuta maji kwa nguvu na kutaka kuvimba, huku fito zikizizuia zisivimbe kupita kiasi. Juu kabisa nyuzi zimelala sambamba na uso wa gegedu, katikati zinapishana, na chini zimesimama wima na kujikita kwenye mfupa. Mafundi wa nyumba hiyo ni seli ziitwazo kondrosaiti, chache mno, zisizofika hata sehemu moja ya kumi ya ujazo wa gegedu, na chakula chao huwafikia kupitia majimaji yanayosukumwa mtu anapotembea. Nikamwambia mdogo wangu kwamba mtu akimwaga lori la fito na lori la udongo mlangoni hajakujengea nyumba, na kopo lake halijafika hata mlangoni.

Kwa kuwa hakuna damu, jeraha la gegedu halipati ule msaada ambao mfupa uliovunjika au ngozi iliyochanika huupata. Na kwa kuwa hakuna neva, maumivu huja uharibifu ukiwa umeshafika mbali. Tabibu William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibiwa halipati kupona, na kwa zaidi ya miaka 200 madaktari hawakuwa na la kumpinga. Njia iliyotumika sana baadaye ilikuwa kutoboa matundu madogo kwenye mfupa ulio chini ya jeraha ili damu na seli za uboho zipande juu zikazibe pengo. Pengo huzibika kweli, lakini hujazwa na tishu ya kovu yenye kolajeni nyingi ya aina ya kwanza, ambayo haihimili mzigo kama gegedu halisi na kwa wengi huchakaa baada ya miaka michache.

Hatua iliyobadili mambo ilitoka Gothenburg, Sweden, ambako Lars Peterson na Mats Brittberg walianza mwaka 1987 kuchukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa mwenyewe kutoka sehemu isiyobeba uzito, wakazitoa seli zake, wakazizalisha maabara kwa wiki mbili hadi tatu, kisha wakazirudisha katika jeraha na kulifunika kwa kipande cha utando wa mfupa. Mwaka 1994 walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Katika 16 waliokuwa na jeraha kwenye kichwa cha chini cha mfupa wa paja, 14 walipata matokeo mazuri au mazuri sana. Katika saba waliokuwa na jeraha la kifuu cha goti, ni wawili tu. Nayataja yote mawili makusudi, kwa kuwa kipeperushi kingetaja lile la kwanza peke yake.

Hapa ndipo kolajeni ya kweli inapoingia, na ndipo nilipotaka kufika. Seli zikimwagwa tu katika tundu hutawanyika, na zikikuzwa kwenye sahani bapa ya maabara husahau kazi yake, zikaanza kutengeneza kolajeni ya aina ya kwanza badala ya ile ya pili. Zinahitaji kiunzi cha kuzishika pande zote. Mitsuo Ochi wa Hiroshima, Japani, alizitia katika jeli ya kolajeni iliyoondolewa kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, zile ncha zinazoweza kuuchokoza mfumo wa kinga wa mwili, na tiba hiyo iliidhinishwa Japani mwaka 2012. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba nyingine ambamo seli za mgonjwa hupandwa juu ya utando wa kolajeni, ukakatwa kwa umbo la jeraha na kubandikwa. Utando huo hutokana na nguruwe, na katika mji kama wetu wenye Waislamu wengi mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo mapema, na ni sababu mojawapo ya kutaka kolajeni ya ng'ombe au ya samaki iliyosafishwa vizuri.

Hata hivyo sitaki kumtoa mtu kwenye ahadi ya kopo nikamwingize katika ahadi nyingine. Tiba hizi ni kwa jeraha lenye mipaka, mara nyingi la kijana aliyeumia mpirani au katika ajali ya bodaboda, ambaye gegedu lake lililobaki ni zima. Goti la mzee lililosagika kote halitibiwi kwa kubandika kiraka. Tena gharama yake ni kubwa, upasuaji huwa ni wa mara mbili, na mazoezi ya baadaye ni ya miezi mingi, jambo ninalolijua vyema kwa sababu sehemu hiyo ya mwisho huangukia mikononi mwetu sisi wa fiziotherapia, na ikikosewa kazi yote ya daktari hupotea.

Kwa nini basi niandike habari hizi katika gazeti la Kiswahili, kwa wasomaji ambao wengi wao hawatafika Gothenburg wala Hiroshima? Ni kwa sababu malighafi ya kazi hii tunaikanyaga. Nendeni soko la Mbuyuni asubuhi mkaone akina mama wanaoparua perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, magamba yakiruka na kung'ang'ania mikononi mwao kama shanga, kisha yakafagiliwa na kutupwa. Magamba hayo ni kolajeni na madini ya mfupa. Ngozi na kano za ng'ombe ni hivyohivyo. Kolajeni ya ngozi ya sangara wa Ziwa Victoria imekwishachunguzwa na wana Afrika Mashariki wenyewe, akiwemo John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004 iliyoonesha kwamba inastahimili joto la karibu nyuzi 36 za Selsiasi kabla ya kufumuka, ilhali ile ya samaki wa bahari za baridi huanza kufumuka kwenye joto la chini sana kuliko hilo. Kwa nyenzo itakayokaa ndani ya mwili wenye nyuzi 37, tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa ya sangara huhitaji kuimarishwa kidogo tu kwa kuunganishwa nyuzi zake, na ya samaki wa baridi huhitaji kazi kubwa zaidi.

Mbinu ya kuitoa si siri. Ngozi au kano husafishwa mafuta na protini nyingine, hulowekwa katika asidi ya siki hafifu pamoja na pepsini kwa siku kadhaa kwenye ubaridi wa nyuzi 4, kolajeni iliyoyeyuka huchujwa, hutenganishwa kwa chumvi, na kusafishwa tena. Ukiigandisha kwa baridi, chembe za barafu hujitengenezea nafasi ndani yake. Ukiikausha katika ombwe, barafu hutoweka ikaacha sponji nyeupe yenye vitundu vidogo, na vitundu hivyo ndimo seli zitakamoishi. Ugumu uko katika usafi. Nyenzo ya kupandikizwa haitakiwi kuwa na masalia ya seli za mnyama, wala sumu za bakteria, wala virusi, na mnyama aliyeitoa lazima afahamike alikotoka na afya yake. Katikati ya siku zile za kulowekwa umeme ukikatika kwa saa sita bila jenereta, kazi yote inaharibika. Hayo ndiyo mambo ambayo fedha za utafiti zinapaswa kuyalipia, na ni mambo ya kawaida kabisa, kama majokofu, vichujio, maji safi na mafundi wa maabara wenye mikataba ya kudumu.

Ombi langu si kwamba tuanze na goti. Tuanze na jeraha la moto. Mwaka 1981 daktari John Burke na mhandisi Ioannis Yannas wa Boston walionesha kwamba utando uliotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na sukari changamani kutoka gegedu la papa unaweza kuwa kiunzi cha ngozi mpya kwa mtu aliyeungua vibaya. Huko Fortaleza, Brazil, madaktari wametumia ngozi ya tilapia iliyosafishwa kufunika majeraha ya moto, na tilapia ni ndugu wa perege wetu. Kila msimu wa baridi watoto wa mkoa huu huungua kwa sufuria za uji na majiko ya jikoni, na jeraha la ngozi lina faida moja kubwa kwa mtafiti anayeanza, kwamba linaonekana, linapimwa kila siku, na kifuniko kikienda kombo kinabanduliwa. Atakayejifunza kutengeneza sponji safi ya kufunika jeraha la moto atakuwa amejifunza sehemu kubwa ya kazi ya kutengeneza kiunzi cha gegedu.

Taasisi za kuifanya tunazo, na haziko mbali moja na nyingine. Pale Tengeru, Arusha, iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, yenye watu wanaosoma sayansi ya nyenzo na uhandisi wa viumbe chini ya paa moja. Hapa Moshi iko hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari wa mifupa na wodi zinazopokea wagonjwa wa kanda nzima. Kati yao ni mwendo wa basi usiozidi saa mbili. Wako watakaosema kwamba haya ni ya nchi tajiri. Nawakumbusha kwamba chuo cha TATCOT kilianzishwa hapahapa mwaka 1981 kufundisha utengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na leo wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika huja Moshi kuujifunza ufundi huo. Nimefanya kazi na wahitimu wake, na nimeona mtoto akitembea kwa mara ya kwanza kwa mguu uliochongwa mita chache kutoka wodini kwake.

Kwako Mhariri, na kwa wenzako wa redio, ninalo ombi moja: tangazo linaloandika kwamba bidhaa "inaotesha gegedu" lisipokelewe mpaka mleta tangazo aoneshe ushahidi wa maneno hayo hasa. Akitaka kuandika kwamba ni protini, aandike, maana ni kweli. Watu wanaoumizwa na neno hilo ni wagumu, mama ntilie na walinzi wa usiku, ambao shilingi 90,000 kwao ni ada ya mtoto.

Mdogo wangu ameacha kununua. Mara tatu kwa wiki anakuja nyumbani, anakaa kwenye kiti cha mbao na kuinua mguu ulionyooka huku nimemfungia mfuko wa mchanga kifundoni, kwa sababu msuli wa paja ukiimarishwa maumivu ya goti hupungua, na hilo limethibitishwa vya kutosha. Ameomba pia ahamishiwe kazi ya upishi kambini, ambako mizigo ni ileile lakini safari ni chache. Muuza bucha wa Pasua ninakonunua makongoro amekubali kunitunzia kano safi bila malipo, kwa ajili ya mwalimu au mtafiti yeyote atakayetaka kuanza kujifunzia. Anachohitaji mtu huyo ni jokofu lisilozimika, asidi ya siki na pepsini, na nitampelekea mzigo mwenyewe hadi Tengeru.

Wako,
Mtaalamu mstaafu wa fiziotherapia,
Soweto, Moshi